Ugoro, sigara na mapafu ya mtoto aliye tumboni: uzi wa wajawazito na wakunga wa Kanda ya Ziwa

#1 Mkunga_Kayenze

Habari za jioni wakuu.

Mjamzito akiulizwa kliniki "unavuta sigara?" atajibu hapana, na mara nyingi anasema kweli. Swali ndilo lenye kasoro. Muulize tena: "Unatumia ugoro? Unanusa au unaweka mdomoni? Unautwanga? Unauuza?" Hapo ndipo habari yenyewe inapotoka. Ugoro unatumika kukata kichefuchefu cha mimba changa, kutuliza jino, kuzibua pua, na kuondoa usingizi kwa mama anayesubiri mitumbwi ya dagaa alfajiri. Kwa kuwa hauna moshi, watu wanauhesabu kuwa haumgusi mtoto.

Nikotini, kile kilevi kilichomo kwenye tumbaku, haihitaji moto. Inaingia kwenye damu kupitia fizi, pua na hata ngozi, na ikishaingia kwenye damu ya mama inavuka kondo la nyuma. Kipimo chake kwenye damu ya mtoto kinafikia cha mama na kinaweza kukizidi. Inaingia pia kwenye maji ya uzazi, ambayo mtoto anayameza.

Sasa pafu lenyewe. Chipukizi lake linatokea karibu wiki ya 4 tangu mimba kutungwa. Kufikia wiki ya 16 au 17 ya ujauzito matawi ya njia za hewa yameshagawanyika yote. Baada ya hapo yanakua urefu na upana tu, haliongezeki tawi jipya maisha yote. Kati ya wiki ya 16 na 26 vishipa vya damu vinasogea karibu na njia za hewa. Kuanzia takriban wiki ya 24 zinaanza kutengenezwa surfaktanti, ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane mtoto anapotoa pumzi, na zinatosha karibu na wiki ya 35. Vifuko vyenyewe vinaanza kuelekea wiki ya 36. Mtoto anazaliwa na vifuko milioni 20 hadi 50 hivi, mtu mzima ana milioni 300 hadi 500. Kwa hiyo sehemu kubwa inajengwa akiwa mikononi mwenu, hasa miaka miwili ya mwanzo.

Fikirieni mwembe. Njia za hewa ni matawi, vifuko ni majani. Nikotini inarefusha matawi na kuyapinda, inanenepesha ukuta wake kwa kolajeni, lakini majani hayaongezeki kwa kasi hiyo. Mtoto anazaliwa na njia ndefu nyembamba. Akivuta hewa inaingia, akiitoa inatoka kwa shida. Ndiyo maana kila mafua kwake yanageuka mluzi kifuani.

Naomba wa dawa na wa lishe waongezee, kwa sababu hapa kuna jambo la sahani pia. Mama mwenye njaa na ugoro mdomoni anamnyima mtoto mara mbili.

#2 NgoshaWaMisungwi

Uzi muhimu sana huu. Swali moja: ugoro si afadhali kuliko sigara? Angalau hauna ule moshi wenye sumu nyingi.

#3 Mfamasia_Nyakato

Ngosha, jibu linategemea unamuuliza nani. Kwa mapafu ya mama mwenyewe, kukosekana moshi ni nafuu ya kweli: hakuna lami, hakuna kaboni monoksaidi. Kwa mapafu ya mtoto aliye tumboni, sehemu kubwa ya ubaya ni nikotini yenyewe, na hiyo imo yote ndani ya ugoro.

Angalia hesabu. Mvutaji wa sigara moja anaingiza mwilini takriban miligramu 1 hadi 2 za nikotini. Inapanda haraka, inashuka haraka. Gramu moja ya jani kavu la tumbaku kwa kawaida ina miligramu 10 hadi 30. Si yote inaingia, lakini ile ya mdomoni inapanda taratibu na kubaki juu muda mrefu, hata baada ya kutema. Anayeweka donge asubuhi, mchana na jioni anamweka mtoto ndani ya nikotini karibu siku nzima bila kupumzika.

Kisha kuna magadi. Ugoro wetu unatwangwa na magadi au majivu, na watu wanadhani ni kwa ajili ya ukali wa ladha tu. Magadi yanabadilisha nikotini iwe katika umbo linalopenya ngozi laini ya mdomo na pua. Kwenye pH (kipimo cha uchachu; juu ya 7 si chachu tena, ni upande wa magadi) ya 8, nusu ya nikotini iko katika umbo hilo. Kwenye 9, karibu tisa ya kumi. Kwa hiyo ugoro uleule wenye tumbaku ileile, ukizidishwa magadi, unapeleka nikotini nyingi zaidi kwa mtoto. Yule anayesema "mimi naweka kidogo tu lakini mkali" aelezwe hili.

Sweden wanatumia tumbaku ya mdomoni kwa wingi, na wamefuatilia wajawazito wao. Watoto wa mama waliotumia walionekana kusimama pumzi baada ya kuzaliwa karibu mara mbili ya wale wa mama wasiotumia, na kuzaliwa njiti kuliongezeka. Hapo hakukuwa na moshi wa kuusingizia.

Nyongeza kwa wanaotwanga na kupakia: nikotini inapita kwenye ngozi, zaidi ikiwa na unyevu. Wavunaji wa majani mabichi ya tumbaku wanaugua kwa njia hiyo, kizunguzungu na kutapika. Mjamzito asitwange, asichekeche, asifunge vifurushi kwa mikono mitupu. Vumbi lake nalo linaingia puani.

#4 Lishe_Nansio

Asante Mkunga kwa kuweka sahani mezani, maana mara nyingi mazungumzo ya tumbaku yanaishia kwenye "acha" bila kumwambia mama ale nini.

Kwanza, njaa peke yake inaharibu pafu. Watu waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya Uholanzi ya mwaka 1944 na 1945, hasa katikati ya ujauzito, walionekana ukubwani kuwa na magonjwa ya kubana kwa njia za hewa zaidi ya wenzao. Kwa kondoo, mtoto aliyedumaa tumboni anakuwa na vifuko vichache na ukuta mnene kati ya hewa na damu. Nikotini inaua hamu ya kula na inabana mishipa ya kondo, kwa hiyo mama wa ugoro anaanzia nyuma.

Kipimo cha haraka ni utepe wa mkono. Mzunguko wa mkono wa juu chini ya sentimita 23 kwa mjamzito ni dalili ya upungufu, asisubiri tumbo lionekane. Mwenye uzito wa kawaida anatakiwa kuongeza kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba yote, mwembamba 12.5 hadi 18. Baada ya mwezi wa tatu ni karibu nusu kilo kwa wiki. Akikaa mwezi mzima bila kuongeza kitu, usimwambie tu "kula vizuri". Hesabu naye milo.

Protini: mahitaji ya ziada ni gramu 1 tu kwa siku miezi mitatu ya kwanza, 9 miezi mitatu ya kati, na 31 miezi mitatu ya mwisho. Yaani shughuli ni mwishoni, wakati wengi wanapunguza chakula wakihofia mtoto atakuwa mkubwa. Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Gramu 50 hadi 60, kama viganja viwili vilivyojaa, inafunika hiyo 31. Aliwe mzima, na kichwa chake, kwa sababu madini na vitamini A viko huko. Dagaa aliyeanikwa mchangani aoshwe maji ya vuguvugu mara mbili tatu haraka haraka, asilowekwe saa nzima. Aliyeanikwa kwenye chanja anahitaji suuza moja.

Vitamini A. Nepal walifanya jaribio kubwa katika eneo lenye upungufu wa muda mrefu: wanawake walipewa vitamini A kidogo kila wiki kabla, wakati na baada ya ujauzito. Watoto wao walipopimwa wakiwa na miaka 9 hadi 13, mapafu yao yalitoa hewa zaidi kwa takriban mililita 46 kuliko watoto wa mama ambao hawakupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Mililita 46 inaonekana ndogo, lakini hiyo ni tofauti iliyobaki miaka kumi baadaye kutokana na alichokula mama. Na iliyofanya kazi ni vitamini A yenyewe, ile ya vyakula vya wanyama. Karotini ya mimea, ile rangi ya chungwa ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, haikutoa tofauti hiyo. Kwa hiyo viazi lishe (viazi vitamu vya rangi ya chungwa) ni vizuri, aina za Kabode na Ejumula zinakubali vizuri huku, lakini visitenge dagaa na yai.

Hapa kuna hatari ya kupitiliza. Vidonge laini vya vitamini A vya uniti 100,000 na 200,000 ni vya watoto wadogo kwenye kampeni. Mjamzito asimeze hata kimoja, vinaharibu kiumbe. Maini ya ng'ombe nayo ni mazito mno: gramu 100 zinapita mara mbili kikomo cha siku. Kipande cha gramu 30, mara moja kwa wiki, kinatosha.

#5 Lishe_Nansio

Naendelea, maana sehemu ya mboga inahitaji nafasi yake.

Magadi yaliyo kwenye ugoro ndiyo hayohayo tunayotia kwenye mlenda, nsansa (mboga ya majani iliyoanikwa) na majani ya kunde. Vitamini C haivumilii magadi, inaharibika ikiwa bado sufuriani. Asidi ya foliki nayo inapungua. Mama anakula mboga kila siku, anaamini amepata, na damu haiongezeki.

Mlenda unateleza bila magadi. Osha majani kabla ya kukata, siyo baada. Chemsha maji kidogo kwanza, nusu kikombe kwa fungu, yakitokota ndipo utie majani yaliyokatwa. Funika dakika 4 hadi 5, kisha koroga kwa nguvu na mwiko au upekecho. Ukitaka uvutike zaidi tia bamia mbili zilizokatwa nyembamba. Karanga iliyotwangwa iingie mwishoni. Maji ya kuchemshia yasimwagwe, foliki imo humo. Rangi itakuwa ya kijani iliyofifia kuliko ya magadi, na hili ndilo linalowafanya wapishi warudie magadi. Waambiwe mapema.

Nsansa, ambayo imeshaanikwa, haina tena vitamini C ya kutegemea. Michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa) vilevile. Ni chakula cha nguvu, kizuri kwa kiangazi, lakini ukila michembe na nsansa unahitaji tunda pembeni. Viazi lishe vya kuanika vikaushwe kivulini penye upepo, jua kali linakula rangi yake.

Vyanzo vya vitamini C kwa gramu 100: pera lina zaidi ya miligramu 200, pilipili hoho mbichi karibu 80, papai karibu 60, chungwa karibu 50, embe 30 hadi 40, nyanya 14 hivi. Unga wa ubuyu una nyingi lakini unatofautiana sana, na ule wa rangi na sukari wa kwenye vifuko siutii hesabuni kabisa.

Nyanya ina kazi ya pili. Gert Maritz wa Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, ametumia miaka mingi kuwafuatilia panya ambao mama zao walipewa nikotini wakati wa mimba na kunyonyesha. Jambo la kutisha ni kwamba mapafu ya watoto yalionekana karibu ya kawaida walipoacha kunyonya, kisha yakaanza kubomoka ukubwani, kuta za vifuko zikikatika kana kwamba pafu limezeeka kabla ya siku zake. Mama waliopewa juisi ya nyanya pamoja na nikotini, watoto wao walikingwa na uharibifu huo. Kinachodhaniwa kufanya kazi ni laikopini, ile rangi nyekundu. Kwa laikopini nyanya ipikwe na mafuta. Kwa vitamini C iliwe mbichi. Basi weka zote: mchuzi wa nyanya kwenye samaki na kachumbari pembeni. Ila panya si mjamzito wa mtaa wa Igogo hapa Mwanza. Nyanya ni chakula kizuri, si ruhusa ya ugoro.

Shaba na zinki nazo zisisahaulike. Elastini, zile nyuzi za mpira zinazorudisha pafu baada ya kuvuta hewa, haifungamani bila shaba. Ufuta, karanga, maharage na dagaa vinatosha.

#6 Binti_Ilemela

Nimesikia kuna vidonge vya vitamini C vinavyokinga mtoto wa mama anayevuta. Ni kweli? Ni kipimo gani? Na ukimeza mbili kwa siku si ndiyo vizuri zaidi?

#7 Mfamasia_Nyakato

Ni kweli, na ni vizuri ujue mipaka yake. Cindy McEvoy na wenzake wa Oregon, Marekani, waliwachukua wajawazito wavutaji walioshindwa kuacha licha ya kushauriwa. Kabla ya wiki ya 22 nusu wakapewa miligramu 500 za vitamini C kila siku hadi kujifungua, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Watoto wa kundi la vitamini C walipumua vizuri zaidi wakipimwa baada ya kuzaliwa, na mwaka wa kwanza waliopata mluzi kifuani walikuwa 21 kwa kila 100, wakati wa kundi la pili walikuwa 40. Jaribio lao la pili liliwafuata watoto hadi miaka 5 na faida ilikuwa bado ipo.

Mipaka:

Walikuwa wavuta sigara, si watumiaji wa ugoro. Kwa kuwa mlango ni nikotini, ni busara kutarajia faida, lakini huo ni ukisio wangu wa kifamasia.

Vitamini C haikufuta mengine ya tumbaku: uzito mdogo, njiti, kondo kubanduka, kifo tumboni. Ilisaidia njia za hewa tu.

Waliopewa mapema ndio waliopata. Ukianza wiki ya 34, matawi yalishamaliza kugawanyika zamani.

Na hapana Binti, mbili si nzuri kuliko moja. Kuna majaribio yaliyotumia miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na vitamini E kuzuia kifafa cha mimba. Havikuzuia, na katika jaribio moja la Uingereza watoto wenye uzito mdogo waliongezeka. Kaa kwenye 500, bila vitamini E ya nyongeza, na mkunga wako ajue. Aliyewahi kupata mawe ya figo aulize kwanza.

Kwa chakula: mapera mawili ya wastani, gramu 150 hivi, yanatoa kama miligramu 300. Kipande cha papai cha gramu 200 kinatoa 120. Kachumbari ya nyanya mbili inaongeza 20. Jumla 440. Msimu wa mapera mtu anaweza kukaribia kipimo cha jaribio bila kugusa duka la dawa.

#8 Mkunga_Kayenze

Niongeze la vidonge vya kuongeza damu, maana hapa pia kuna makosa ya kila siku.

Madini chuma miligramu 30 hadi 60 na asidi ya foliki miligramu 0.4 kila siku. Meza na tunda au maji ya ndimu. Chai ya rangi, chai ya maziwa na kahawa zisogezwe saa moja hadi mbili mbali. Wanaokula udongo waachane nao, unashika chuma tumboni.

Asidi ya foliki ya miligramu 5 inauzwa kila duka la dawa na akina mama wanajinunulia wakidhani ni bora zaidi. Ukiwa unameza SP kliniki kwa ajili ya malaria, hiyo ya 5 inaipunguzia SP nguvu. Malaria ikitulia kwenye kondo, mtoto anazaliwa mdogo na mapafu yake madogo. Ya 0.4 haina tatizo hilo.

Na kwa sisi wa pwani ya ziwa: kichocho kinakula damu polepole. Damu isipopanda licha ya vidonge, mweleze daktari kama unaingia majini. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, inaruhusiwa baada ya miezi mitatu ya kwanza.

#9 Tanuri_la_Chanja

Wataalamu, mmezungumza nikotini na mmeacha moshi wa samaki. Mama anayekausha sangara kwenye banda lililofungwa saa tano mfululizo anavuta kaboni monoksaidi kama mvutaji, hata kama hajawahi kushika sigara. Gesi hii inashika damu na kuzuia hewa safi isibebwe, na damu ya mtoto tumboni inaishika kwa nguvu kuliko ya mama na kuiachia taratibu zaidi.

Ya kufanya, kwa mpangilio wa gharama:

Mjamzito ahamishwe kazi. Aparue, achambue, auze. Tanuri lisimamiwe na mwingine. Hili halina gharama ila makubaliano ya kikundi.

Kuni ziwe kavu kweli, zilizopasuliwa na kukaa juani wiki kadhaa. Kuni mbichi, pumba na magunzi yenye unyevu ndiyo moshi mzito. Plastiki ya kuwashia moto isitumike kabisa.

Mlango wa moto uelekezwe upande upepo unakotoka, na msimamizi akae upande huohuo. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Tanuri lililopangwa kwa upepo wa mchana linamvukia mtu usiku.

Trei zipangwe juu kwa juu na kufunikwa, kama tanuri la Chorkor lililobuniwa Ghana. Moshi unabaki kwa samaki, kuni zinapungua, na huhitaji kufungua kila mara kugeuza.

Banda la makuti lililozibwa pande zote kwa hofu ya mvua ndilo baya kuliko yote. Paa libaki, kuta ziondolewe.

#10 NgoshaWaMisungwi

Nimekubali hoja ya ugoro, Mfamasia. Sasa anaachaje? Wengine wanasema apunguze kidogo kidogo maana akiacha ghafla mimba inatoka.

#11 Mkunga_Kayenze

Mimba haitoki kwa kuacha ugoro. Naomba hili lisambazwe. Kuacha kunaleta hasira, kuumwa kichwa, usingizi mbovu na hamu kali. Siku ya 2 na ya 3 ndiyo kilele, na ndani ya wiki 2 hadi 4 inatulia. Hakuna hata moja linalomdhuru mtoto.

Ila wajawazito wana ugumu wao. Mwili wa mjamzito unavunja nikotini kwa kasi zaidi, kwa hiyo hamu inarudi mapema kuliko ilivyokuwa kabla ya mimba. Asione kuwa amekuwa dhaifu, ni ini lake linafanya kazi.

Utaratibu unaotekelezeka:

Siku tatu za kwanza aandike au akumbuke kila donge: saa ngapi, akifanya nini. Kwa kawaida ni nyakati nne au tano zinazojirudia: kuamka, baada ya kula, kwenye foleni ya mwaloni (ufukweni samaki wanaposhushwa), kabla ya kulala.

Achague siku ya kuacha ndani ya wiki mbili, si "mwezi ujao". Kopo la ugoro litoke nyumbani, lisifichwe.

Kila wakati ule wa mazoea uwekewe kitu cha mdomoni: mbegu za maboga zilizokaangwa, kipande cha tangawizi, ubuyu usio na rangi. Hamu kali inadumu dakika chache tu. Ainuke, anywe maji, ashike kazi ya mikono, itapita.

Aliyekuwa anautumia kwa kichefuchefu atibiwe kichefuchefu, vinginevyo atarudi: milo midogo sita, kitu kikavu kabla ya kuinuka kitandani, tangawizi. Akitapika hadi mkojo unakuwa mweusi, kituo cha afya siku hiyohiyo. Aliyeutumia kwa jino, jino litibiwe.

Kupunguza kidogo kidogo kunafaa kwa anayeweka madonge mengi, lakini kuwe na tarehe ya mwisho. Bila tarehe, anapunguza idadi na kuongeza ukubwa wa donge.

#12 Mfamasia_Nyakato

Natofautiana kidogo kwenye mpangilio. Kama mama yuko wiki ya 8, sipendi siku tatu za kuandika na wiki mbili za kungoja. Matawi yanagawanyika wakati huohuo. Aache kesho, aandike baadaye. Kwa wa wiki ya 30 anayetumia sana, utaratibu wako ni sawa.

Kuhusu dawa: bupropioni na vareniklini, vidonge vya kuachia tumbaku, hazishauriwi kwa mjamzito. Bandiko na pipi za nikotini, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 haukuzipendekeza wala kuzikataza, kwa hiyo ni uamuzi wa daktari kwa mama anayevuta sana na aliyeshindwa njia nyingine. Bado ni nikotini. Ushauri wa ana kwa ana unaorudiwa kila hudhurio ndio wenye ushahidi, na mahudhurio sasa ni manane. Ulizeni kila mara, si mara ya kwanza tu.

#13 Mkunga_Kayenze

Kwa wa wiki ya 8 nakubali. Narekebisha: mimba changa, aache mara moja.

#14 Binti_Ilemela

Na akishajifungua? Kuna wanaoacha miezi tisa kisha wanarudia siku ya arobaini. Bora anyonyeshe au aache kunyonyesha?

#15 Mfamasia_Nyakato

Anyonyeshe. Maziwa ya mama yanamkinga mtoto na nimonia na kuhara, hilo halibadiliki. Ila ajue hesabu: nikotini kwenye maziwa inakuwa karibu mara tatu ya iliyo kwenye damu yake. Kwa mtu mzima inapungua nusu kila saa 2, kwa mtoto mchanga inachukua takriban saa 11. Kwa hiyo donge la asubuhi bado limo ndani ya mtoto jioni, na vifuko vya mapafu ndiyo vinajengwa.

Akishindwa kabisa, basi anyonyeshe kwanza, atumie baadaye, na apitishe angalau saa 2 hadi 3 kabla ya kunyonyesha tena. Anawe mikono kwa sabuni na asukutue mdomo kabla ya kumshika mtoto. Kopo liwe mbali kabisa, kiasi kidogo cha tumbaku kikimezwa na mtoto anayetambaa ni sumu.

Baba naye. Kwenye chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Mabatini, Mwanza, sigara iliyovutwa dirishani bado iko chumbani saa kadhaa baadaye. Avutie nje kabisa, avue shati, anawe, ndipo ambebe mtoto.

#16 Mkunga_Kayenze

La mwisho kwa usiku huu, kwa aliye na mtoto wa namna hii tayari nyumbani.

Hesabu pumzi mtoto akiwa ametulia au amelala, si analia wala ananyonya. Fungua nguo uone tumbo na kifua. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu na kuzidisha, kwa sababu wachanga wanapumua kwa kusimama na kukimbia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Ikizidi kwa mchanga wa chini ya miezi 2, tulia, hesabu mara ya pili.

Nyama ya chini ya mbavu ikibonyea ndani kila anapovuta, midomo ikiwa ya bluu, au akishindwa kunyonya, msihesabu tena. Pandeni pikipiki, na kama mko kisiwani msisubiri kivuko cha asubuhi, tafuteni mtumbwi wa injini. Mtoto abebwe wima kifuani kwa mama, asifunikwe uso, na kadi ya kliniki iwe mkononi.